Kupanda msumaki bila kuujutia

Wenye bustani wengi wa Marekani, Kanada na Ulaya huununua mti wa msumaki (sumac kwa Kiingereza) kwa rangi zake za Oktoba, pale manjano, machungwa na nyekundu zinapokutana kwenye jani moja. Miaka michache baadaye wanauliza namna ya kuung'oa. Mti wenyewe hauna kosa. Kosa liko mahali ulipopandwa, na kwenye sepetu iliyopita karibu na mizizi yake.

Jina lake la kisayansi ni Rhus typhina, mti wa asili wa mashariki ya Amerika Kaskazini, ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Matawi yake machanga yana manyoya laini. Ukiyapapasa ni mahameli matupu, kama pembe changa za kulungu. Ukivunja kikonyo cha jani, utomvu mweupe unaonata hutoka hapohapo, na ngozi za baadhi ya watu huwashwa nao, kwa hiyo vaa glavu. Usiuchanganye na msumaki wa sumu, Toxicodendron vernix. Ule humea kwenye vinamasi, matunda yake ni meupe na yananing'inia. Huu wa bustani matunda yake ni mekundu, yamesongamana na kusimama wima kama mishumaa.

Mishumaa hiyo huzaliwa na mti jike tu. Ukiitaka, chukua chipukizi la mzizi kutoka mti unaozaa, maana chipukizi hufuata jinsia ya mama yake. Wa mbegu ni bahati nasibu.

Panda penye jua la saa sita au zaidi, udongo usiotuamisha maji. Shimo liwe pana mara mbili ya donge la mizizi, kina kilekile. Usitie samadi wala mbolea: ukishiba sana hutoa matawi marefu laini ambayo upepo huyavunja. Kiangazi cha kwanza, lita 15 hadi 20 za maji kwa wiki zinatosha. Baada ya hapo unajitegemea, isipokuwa ukame ukizidi.

Sasa mizizi, na hapa ndipo pa kuwa makini. Haiendi chini sana. Husambaa chini kidogo ya uso wa ardhi na kuchipua mita kadhaa kutoka shinani. Kaa mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba na uzio wa jirani. Kama nafasi ni ndogo, zungushia kizuizi cha plastiki nzito chenye kina cha sentimita 60, ukingo wake ubaki sentimita 5 juu ya udongo ili mizizi isiuruke. Aina fupi ya majani ya dhahabu, Tiger Eyes, hukaa vizuri kwenye chungu kikubwa, lakini usikifukie: mizizi itatokea kwenye matundu.

Usilime wala kupalilia kwa jembe chini yake. Kila jeraha la mzizi ni mwaliko wa chipukizi. Machipukizi yang'oe yakiwa na sentimita 10 hivi, baada ya mvua: fukua kwa vidole mpaka uone yalipoungana na mzizi, kisha yanyofoe hapo kwa nguvu. Ukiyakata kwa mkasi, macho yaliyobaki chini yatachipua tena, mara nyingi zaidi ya ulivyokata. Na tafadhali, usiyapulizie dawa ya magugu kama mti mkubwa bado unaupenda. Mzizi ni mmoja. Sumu humfikia mama. Kuukata mti wote ukidhani umemaliza ndiyo njia ya haraka ya kupata kichaka.

Pogoa mwisho wa majira ya baridi. Ncha zilizokauka kwa baridi ni jambo la kawaida, ziondoe tu. Wanaotaka majani makubwa kupita kiasi huukata hadi sentimita 20 hivi kutoka ardhini kila mwaka, na kwa kufanya hivyo wanayakosa matunda.

Tawi moja likinyauka katikati ya kiangazi huku mengine yakiwa mabichi, likate mshazari uangalie mti wa ndani. Mistari ya kahawia ni dalili ya ukungu wa Verticillium, unaokaa udongoni. Hauna dawa. Kata mpaka penye mti safi, futa mkasi kwa spiriti, na usihamishie udongo wa hapo kwingine.

Matunda yavune yakiwa mekundu kabla mvua kubwa hazijaosha uchachu wake. Yaloweke kwenye maji baridi saa chache, uchuje kwa kitambaa kwa sababu ya manyoya, utie sukari, unywe. Wajerumani wanauita mti huu Essigbaum, mti wa siki. Kiungo cha sumac kinachotiwa kwenye nyama za Uarabuni hutokana na nduguye, Rhus coriaria. Anayevimba midomo kwa embe au korosho asionje kinywaji hiki wala kiungo hicho.