Nilivyokuja kuelewa kwa nini kinga yangu inanishambulia

Nilipoambiwa nina lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, kilichoninyima usingizi hakikuwa dawa wala vipimo. Nilitaka kujua kinga iliyonilinda miaka yote imenigeukiaje. Nikaanza kusoma.

Seli T, askari wa kinga, hupikwa kwenye tezi ya thaimasi iliyo kifuani, na nyingi kati ya zile zinazolenga mwili wenyewe huuawa humohumo. Chache huponyoka, ila kwa kawaida hudhibitiwa. Hapo sikukawia. Kilichonishika ni virusi vya Epstein-Barr, vinavyohusishwa na lupasi: zaidi ya 90% ya watu wazima duniani wanavyo, na vikishajificha ndani ya seli B, seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, havitoki tena.

Jioni moja nikachukua karatasi, nikaandika vipande viwili vya protini, kimoja chini ya kingine. Juu PPPGRRP, kutoka EBNA-1, protini ya kirusi. Chini PPPGMRPP, kutoka Sm, protini iliyomo ndani ya seli zetu. Kila herufi ni asidi amino moja. Nilizikodolea macho mpaka nikazikariri, maana cheti changu cha maabara kilisema nina kingamwili, yaani protini za kinga za kunasa adui, dhidi ya Sm. Inawezekana kabisa kingamwili iliyoundwa kukamata kipande cha juu ikakamata na cha chini. Ikishaanza hivyo, mashambulizi husambaa hadi sehemu nyingine za protini ileile, hata zisizofanana na kirusi kamwe.

Kirusi peke yake hakitoshi, la sivyo karibu kila mtu angeugua. Kuna jeni, na bila shaka kuna jambo katika kuwa mwanamke, kwani wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake.

Utafiti wa mwaka 2003 kwa wanajeshi wa Marekani ndio ulionipa nafuu ya moyo. Kati ya wagonjwa 130 wa lupasi, 88% walikuwa na angalau aina moja ya kingamwili zinazolenga mwili wenyewe kabla ya kugunduliwa kuwa na ugonjwa, wengine zaidi ya miaka tisa kabla. Dada yangu alikuwa akiniuliza kila mara, "Ulikula nini? Ulijichosha na nini?" Nilimsomea sehemu ile, akanyamaza, kisha akaniomba nirudie.

Hidroksiklorokwini ninayomeza haiui kirusi, inatuliza kinga. Ndiyo maana siiachi hata nikijisikia mzima, na kila kliniki naomba wapime protini kwenye mkojo, kwa sababu figo huweza kuharibika bila kuuma.