Wapate kuwa pamoja naye

Tafakari ya wiki: Marko 3:14

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Hadi mwaka 2013 sheria ya uhamiaji ya Japani ilikuwa na jambo la ajabu kidogo. Mgeni aliweza kupata kibali cha kazi ya upishi ikiwa anapika chakula cha kigeni, kwa mfano Mhindi kwenye mgahawa wa Kihindi. Aliyetaka kuajiriwa apike chakula cha Kijapani hakuwa na mlango. Angeweza kusoma chuoni, apate cheti, kisha afungashe virago. Mwaka huo mji wa Kyoto ukapewa ruhusa maalumu ya kupokea wageni wajifunze wakiwa kazini, ndani ya majiko ya migahawa yenyewe.

Jiko hilo nalo lina mambo yake. Mgeni anaweza kuwa alikuwa mpishi wa kuheshimika kwao, lakini hapa anaanza na vyombo vichafu, sakafu, mboga za kuosha na visu vya kunoa juu ya jiwe lililoloweshwa maji. Akipanda kidogo hupewa figili nyeupe, ile nene inayoitwa daikon, aimenye kwa kuizungusha kwenye kisu mpaka iwe utepe mmoja mrefu, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Ukikatika, anachukua nyingine.

Halafu kuna dashi, supu inayobeba karibu kila kitu katika upishi huo. Viungo vyake ni viwili tu: mwani mkavu wa kombu (si ule wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, huu hutoka bahari ya baridi ya Hokkaido) na samaki wa jamii ya jodari aliyefukizwa moshi, akakaushwa hadi akawa mgumu, kisha akaparwa nyembamba. Mwani unapashwa moto taratibu na kutolewa kabla maji hayajachemka. Samaki anafuata, anakaa muda mfupi, supu inachujwa. Kitambaa cha kuchujia hakikamuliwi, maana ukikikamua supu inapoteza wepesi wake na kuwa na ukakasi. Yote hayo mnaweza kuyasoma kwenye karatasi, kama mlivyoyasoma hapa. Ila mpishi mkuu akionja kijiko kimoja, akaimwaga yote na kuondoka kimya, mwanafunzi itabidi kesho asimame karibu zaidi na kutazama mkono wake.

Marko anasema Yesu “akaweka watu kumi na wawili, wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri.” Tazameni mpangilio. Kutumwa kunakuja baadaye. Kwanza ni kuwa naye: kumwona akichoka, akijitenga alfajiri kuomba, akila na watoza ushuru, akinyamaza mbele ya washitaki. Sisi tunapenda kuanzia kwenye kutumwa. Kijana anaokoka mwezi wa tatu, mwezi wa tano tumempa kipaza sauti. Semina na vyeti vyake tunavyo vya kutosha, na sivipingi. Lakini ni nani amekaa na huyo kijana karibu kiasi cha kumwona akiomba wakati hakuna anayemsikiliza?

Hapa niseme jambo lingine, maana najua kuna viongozi watakaofurahia mfano wa mpishi mkali. Ukali wa baadhi ya majiko, wa Japani na kwingineko, ni uonevu mtupu: matusi, hata vipigo, vikiitwa mafunzo. Msiuingize kanisani kwa jina la nidhamu. Petro anawaambia wazee wasijifanye mabwana, bali wawe vielelezo kwa lile kundi. Naye Bwana mwenyewe, ambaye kiwango chake hakuna mpishi anayekifikia, anasema, “mjifunze kwangu, kwa kuwa mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo” (Mathayo 11:29). Hakushusha kiwango, wala hakumvunja mwanafunzi. Petro alimkana mara tatu, na bado akapikiwa samaki ufukweni.

Kwa wiki hii someni Marko 3:13–19, mkitaja majina yote. Orodha inaishia kwa Yuda Iskariote, aliyekuwa pamoja naye muda ule ule kama wenzake. Kwenye ibada ya nyumbani tuanzie hapo: kukaa karibu kulimsaidia nini?