Asubuhi Moja Fungu Kizimkazi

Novemba 2008, katika siku za tanga mbili, pepo za msimu zinapobadilika, ami yangu alikubali kunipakia katika boti yao ya kuvulia jodari hadi Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kilicho peke yake baharini, kusini-mashariki mwa Unguja, mwendo wa kilomita 60 hivi. Tuliondoka usiku wa manane. Kulipopambazuka nilikwisha kutapika mara tatu, na kabla sijaona ardhi nilinusa samadi ya ndege, kali kama banda la kuku lililofungiwa.

Kisiwa chenyewe ni bapa la matumbawe na mchanga lililoinuka mita chache juu ya maji, lisilo na mti hata mmoja. Ndege wakubwa weupe wenye uso mweusi, ambao ami aliwaita membe, hawakujisumbua kuruka. Walinitazama tu kwa macho yao ya manjano. Mmoja alipoinuka nikaona anavyoatamia: mayai mawili ameyafunika kwa miguu yake yenye utando, kwani joto la mayai hutoka huko. Yai la pili ni la akiba. Yakianguliwa yote, kifaranga wa kwanza humsukuma mwenziwe nje, wala mzazi haingilii. Nilikuwa nimeyasoma hayo zamani, lakini kumkuta yule mdogo amelala juani, hatua moja tu kutoka kwa mama yake, kulinishinda kutazama.

Buabua, ndege wengine wa baharini walio wadogo zaidi, hawakuwa na utulivu huo. Nilipoingia upande wao na kamera waliruka wote kwa pamoja, kwa makelele yaliyonizibia masikio, wakaacha mayai yenye madoa, moja hapa na moja pale, juu ya changarawe tupu. Nami, niseme kweli, nilikuwa nikifurahia picha.

Ami akanishika mkono. "Mwanangu, hebu gusa hapo."

Niliweka kiganja kando ya yai, nikakiondoa upesi kwa moto wa lile jiwe.

"Basi na yai nalo laiva vivyo hivyo, mpaka mama yake arudi. Twende chomboni."

"Naam, ami."

Nilirudi taratibu, nikichunga kila hatua, na kabla sijafika majini buabua walikwisha kuanza kutua. Mchana kutwa ami aliiongoza boti kwa kuwafuata wenzao waliokuwa wakizunguka baharini, maana wanapojaa mahali pamoja jodari wako chini yao.