Jibu la mistari miwili lililonipeleka shambani

Huu ni mwaka wangu wa sita nikiandika makala kwa kujitegemea hapa Tanga. Nilipoanza kila mtu aliniambia, "Wakikataa, futa, tuma kwingine." Niliufuata ushauri huo miaka miwili, na hadi leo unanikera, maana ulinipotezea muda.

Kilichonizindua ni makala ya mkonge. Niliifungua na mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika mizima 62 tu. Niliipenda mno hiyo 62. Magazeti mawili yalikaa kimya. La tatu, mhariri aliandika: "Hindorf tunamjua. Mkata mkonge wako yuko wapi?"

Siku mbili chakula hakikupita. Ya tatu nikalisoma tena lile jibu, nikagundua kwamba limeisha kwa swali. Asiyekutaka hana haja ya kukuuliza. Alfajiri nikapanda basi la Muheza, kwenye mashamba ya mkonge. Nauli haikufika elfu kumi kwenda na kurudi.

Mzee mmoja alinikubalia nimfuate mstarini. Anakata jani, anaondoa mwiba wa nchani, anahesabu hadi 30, anafunga tita, anaendelea. Nikamsaidia kubeba. Ilipofika saa nne utomvu ulikuwa unaniwasha kuanzia viganjani hadi viwikoni. "Mwanangu, mkono huo usiupeleke usoni," akaniambia, akanimiminia maji ya dumu lake, ambayo ndiyo aliyokuwa nayo ya kunywa siku nzima. Makala mpya ikaanzia kwenye dumu hilo. Hindorf nikamwachia aya ya tano.

Ilichapishwa. Malipo yalichelewa, ila yalikuja.

Tangu hapo kila jibu la kukataliwa nalinakili kwa mkono kwenye kaunta buku. Majibu yenye swali au sababu ninayo kumi na moja. Makala saba kati ya hizo nilizirekebisha nikazirudisha kwa wahariri walewale, zikatoka. Makala iliyokataliwa bila sababu namsomea mama kwa sauti kabla ya kuituma kwingine. Aya ninayoisoma akirudi kuchambua mchele wake, naikata. Fanyeni hivyo, hasa kama mna mama asiyejua kubembeleza.

Jana imerudi ya wavuvi wa ngalawa: "Ngalawa moja inachongwa kwa shilingi ngapi?" Kweli, sikuuliza. Kesho alfajiri niko ufukweni na daftari.