Chunusi, ndimu na mujaja wa nyuma ya nyumba

Mtoto wa kaka yangu amemaliza S.3, yaani kidato cha tatu, likizo hii ndefu alikuja kwangu Ntinda, hapa Kampala, uso umejaa chunusi, zile nyekundu zenye usaha zinazouma hata ukilalia upande, na asubuhi ya pili nikamkuta jikoni anakamua ndimu. Shangazi ni ya uso, anasema, wenzangu wote wanapaka. Nikamnyang'anya. Ndimu na jua hili la ikweta haviendi pamoja kabisa, ukipaka ukatoka nje ngozi inaungua na doa jeusi linabaki miezi na miezi.

Sa mtu asifikiri nachukia dawa za majani, nazipenda sana, ndo maana nataka zitumike vizuri. Kuna bakteria anaitwa Cutibacterium acnes, anakaa ndani ya vitundu vya vinyweleo, hataki hewa, anakula mafuta ya ngozi. Karibu kila mtu anaye, hata mwenye uso laini. Shida inaanza kitundu kikiziba, mafuta yanajaa, yeye anazaliana huko ndani, mwili unamshambulia na hapo ndo wekundu na usaha. Sio uchafu jamani! Huyu mtoto alikuwa anasugua uso na sabuni ya kufulia mara nne kwa siku kwa sababu wenzake walimwambia haogi vizuri, iliniuma sana.

Na mimea inayomuua huyo bakteria ipo. Iliyopimwa zaidi ni mafuta ya mti wa chai, sio chai yetu ya Fort Portal, huo ni mti mwingine wa Australia, na kule kwao 1990 walipima watu 124, wengine wakapewa jeli yenye asilimia 5 ya mafuta hayo, wengine benzoili peroksaidi, dawa ya kawaida ya chunusi ya kupaka, asilimia 5, na zote zikapunguza chunusi, ya mti ikachelewa kuanza kazi ila haikusumbua ngozi sana kama ile nyingine. Kilichomo ni terpineni-4-oli, inaharibu utando wa bakteria mpaka anavuja. Halafu mujaja! Huu huu mmea wa jamii ya mrehani tunaotia kwenye chai, watafiti wa Nigeria walitengeneza losheni kwa mafuta yake wakajaribu kwa wenye chunusi, ikasaidia, na wakiongeza utomvu wa aloe vera ikasaidia zaidi. Nilifurahi mno kusoma hivyo, maana mmea wenyewe uko nyuma ya nyumba ya jaja, bibi yetu.

Ila kipimo ndo kila kitu. Majani mengi yanatoa mafuta kiduchu, kwa hiyo ukiponda majani ukajipaka hujui umepaka nguvu ngapi, na ukinunua kichupa cha mafuta yenyewe ukapaka bila kuyapunguza makali yanakuchoma au unapata aleji.

Nikamwambia hebu nione unapaka nini kingine. Akatoa kikopo cha krimu ya kung'arisha, hakina hata orodha ya vilivyomo, alikinunua duka moja la mjini. Hapo nikashtuka, krimu za aina hiyo nyingi zina steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe, na steroidi usoni inaleta chunusi yenyewe, na ukiiacha ghafla uso unaweza kulipuka, ndo maana sikukitupa tu, nilikwenda naye na kikopo chake kwa daktari wa ngozi. Akampa benzoili peroksaidi ya usiku na utaratibu wa kuacha ile krimu, antibayotiki hakumpa kwanza, anasema ikitumika peke yake bakteria anaizoea.

Hii ni wiki ya sita. Chunusi mpya ni mbili tatu tu kidevuni, madoa bado yapo, akitoka anavaa kofia. Jana alisahau mkono shavuni akiangalia tivii, hakukumbuka kuuficha uso.