Haya, mwanangu

Nimeamka saa tisa za usiku. Umeme umekatika, feni imesimama, mbu wamepata fursa, na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani si joto wala mbu. Ni Fundi Haji na ile "haya" yake.

Mnazijua Jumamosi zetu barazani kwa Bi Rukia: kahawa, kashata, na vitabu tunavyopokezana mpaka kurasa zinalainika kama noti ya zamani. Safari hii vilikuwa vitatu. *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, maana tangu Nobeli ya 2021 kila mtu hapa mjini Unguja anadai kaisoma na mimi nilitaka tuisome kweli. Kitabu kimoja cha wanyama na misitu ya visiwa. Na lile bukuu la Kiingereza la picha za nyumba za mwambao alilonitumia kaka Suleiman kutoka Maskati, zito kama gunia. Fundi Haji ndiye aliyelipakata.

Niandike mambo yalivyokuwa, kwa sababu nimeshamsimulia Baba Nasra mara tatu na kila mara najikuta nimejipunguzia kosa kidogo.

Fundi hufungua vitabu kutoka nyuma. Kiingereza hakijui, basi husoma picha. Akafika kwenye ile ya kurasa mbili ninayoipenda kuliko zote: nyumba ya ghorofa mbili uchochoroni, ukuta mweupe, jua limeukata mshazari. Akaweka kiganja juu yake. Akainama. Akaisogeza mbali, akainama tena. Kisha akauliza:

"Mwanangu, picha hii imepigwa saa ngapi?"

Na mimi, mbele ya watu wote, nikasema: "Aa, hilo si muhimu, Fundi. Hebu tazama vidaka hivi vya ukutani." Nikamfunulia ukurasa. Nikamfunulia mimi, mkono wake ungali juu ya karatasi.

"Haya, mwanangu," akasema. Akatazama vidaka.

Basi. Hapana aliyenuna, hapana aliyegombana, Bi Rukia akamimina kahawa nyingine. Lakini neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Haya ya kukubali? Haya ya kumwachia mtoto anayelilia kitu chake? Halafu iko ile haya nyingine, ya usoni, ambayo siku ile mimi sikuwa nayo hata chembe. Mtu mwenye miaka themanini na kitu, aliyeanza kubeba karai la chokaa akiwa mdogo kuliko Nasra, anaulizia picha ya ukuta, namwambia si muhimu!

Kinachonisumbua ni kwamba siku hiyo hiyo wengine niliwaachia wakasema watakalo. Bi Rukia kwenye *Peponi* hakutaka kusikia habari ya misafara, wala Wajerumani, wala ile bustani. Alimtaka baba yake Yusuf, yule mtoto wa hadithi. Yusuf ana miaka 12, anatolewa kwa tajiri kwa ajili ya deni, na Bi Rukia kakamata kitabu kwa mikono miwili kama anayekamata kola ya shati: "Baba gani huyu? Mniletee hapa barazani." Mwanaisha alikuwa na ugomvi wake na mwisho wa hadithi, kwa nini kijana awafuate askari mbio vile (msiosoma mniwie radhi), na wakabishana mpaka kahawa ikaganda vikombeni. Mwanaisha anasema kakimbilia utumwa mwingine. Bi Rukia anasema mtu aliyefungiwa hachagui mlango. Halafu, katikati ya ubishi, Bi Rukia akasema kaka wa bibi yake naye aliwekwa dukani kwa tajiri mmoja huko bara akiwa mdogo, "na sisi kwetu hatukusema rehani, tulisema kaenda kujifunza biashara." Tukanyamaza wote. Paka wa jirani akapita juu ya vitabu na hakuna aliyemfukuza.

Sikumwambia Bi Rukia kwamba hilo si muhimu. Sikumwambia arudi kwenye ukurasa.

Wala Asha sikumwambia. Asha, kwa wageni, ni yule rafiki yangu wa Pete mwenye shamba karibu na msitu wa Jozani, anayewatukana kima punju kila Jumamosi. Tulimsomea kile kitabu cha wanyama mahali kinapoeleza kwamba kima hawa hula makaa. Majani ya mwembe na mkungu wanayoyapenda yana vitu vinavyovuruga tumbo, na makaa huvinyonya. Asha akapiga makofi. "Kumbe wanaumwa tumbo! Miaka yote mie nasema wananiibia makaa kwa uchokozi tu." Mama yake, alituambia, alimkatalia mbwa wao asiwaguse kima hao, ati manyoya yatamnyonyoka, kwani hilo jina la punju maana yake nini kama si sumu? Akacheka weee. Kisha akakaa kimya kidogo akauliza: "Lakini mbona kitabu hakimtaji mwenye makaa?"

Swali hilo niliona zuri sana. Nililiandika kwenye daftari, na tarehe nikatia. Sasa niambieni, kwa nini la Asha niliandike, la Fundi nilifunike na ukurasa?

Nadhani najua. Kwenye riwaya mimi ni msomaji kama wao, na kwenye habari za kima sijui lolote. Lakini nyumba! Mnakumbuka mwaka jana nilihudhuria semina ya siku tatu ya majengo ya kale nikarudi na cheti na maringo. Tangu hapo najua kusema kwamba vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba na virefu kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko. Najua kutofautisha nyumba ya Kiarabu iliyojifunga, ua katikati na kuta kavu nje, na ya Kihindi yenye duka chini na roshani juu. Nilikuwa nimeshapanga Fundi aone nini na aseme nini akishaona. Vidaka, kisha milango, kisha aseme mashaallah.

Hakusema mashaallah. Aliuliza saa.

Wiki yenyewe imekwenda na mambo yake: Salma kaolewa (ndiyo, hatimaye, na yule yule), bosi kahamishiwa Pemba, Suleiman anasema anarudi Desemba safari hii kwelikweli. Kwenye harusi nimepigwa picha nimekunja uso. Wifi yangu kadhani nimechukizwa na biriani.

Jumatano mchana, badala ya kula, nikachukua simu yenye picha ya ile picha, nikaenda Kiponda, Mji Mkongwe, kuitafuta nyumba. Niliijua kwa mlango. Jua lilikuwa utosini, mwanga unateremka ukutani kama maji. Nikasimama uchochoroni nimeinua simu, nailinganisha, nasogea kushoto, narudi kulia. Sikuona kitu. Ukuta ni ukuta. Mtoto mmoja mwenye kishada cha karatasi akanitazama akasema, "Shangazi, umepotea?" Nikamjibu ndiyo.

Maelezo yaliyo chini ya picha nimeyasoma mara kumi. Yanataja mlango, nakshi zake, mbao zake. Saa hayataji.

Alhamisi nikanunua halua nikaenda Kikwajuni kwa Fundi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Njia nzima naipanga: Fundi, Jumamosi nilikuvunjia heshima, nimekuja kukutaka radhi. Nilipofika nikaitoa yote kwa pumzi moja, halua ingali kwapani.

Fundi akanitazama. "Lipi hilo?"

"Uliponiuliza saa ya picha, nikasema si muhimu."

"Aaa!" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mie nikajua hujui saa, unaona haya kusema mbele ya wenzako. Nikasema haya, nimwachie mtoto wa watu, nisimuumbue."

Siku tano! Siku tano naibeba "haya" ile, nailalia ubavu huu naigeuzia ubavu ule, kumbe ni yeye aliyekuwa ananisitiri mimi.

Nilicheka hadi nikakaa chini bila kukaribishwa. Mjukuu wake akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Halafu nikamwuliza, sasa ulitaka saa ya nini? Hakujibu. Alimtuma mjukuu akafunge dirisha, akalete tochi. Akaimulika kwenye ukuta wa chumba chake, uso kwa uso, ukaonekana sawa kama karatasi. Akaiweka tochi ubavuni, imelala karibu na ukuta, na ghafla ule ukuta ukajaa vilima na mabonde: pale palipozibwa waya, pale mwiko ulipotetemeka, hata pale alipochoka mtu. "Umeona? Ukiumulika ubavuni unasema mwenyewe."

Kwenye ile picha, akanionyesha kwa ukucha, chini ya dirisha la juu kuna kivuli ambacho si cha dirisha. Sijawahi kukiona, na picha hiyo nimeitazama zaidi ya picha ya harusi yangu. Kama ilipigwa adhuhuri, alisema, mwanga unateremka kutoka juu unausugua ukuta, hata kijivimbe cha unene wa kidole kitatupa kivuli kirefu, usijali. Lakini kama ilipigwa asubuhi, jua likiwa limeukabili ukuta, basi kivuli hakipatikani bure. Hilo ni tumbo. Ukuta umeshika mimba, jiwe la ndani limeachana na la nje.

Akateremsha ukucha mpaka karibu na ardhi. Hapa pamepigwa simenti. Mimi nilikuwa naona rangi iliyochakaa tu. Mawe yetu ya matumbawe na chokaa hupumua, maji yakiingia hutoka. Ukiyafunika na simenti maji yanabaki ndani, yanazila ncha za boriti huko zilikoingia ukutani, na wewe unaona plasta nzuri. "Wameuvisha nailoni," akasema. "Kwa joto hili!" Alisema kwa sauti ile ile Bi Rukia aliyoitumia kwa baba yake Yusuf.

Nikamwuliza anaona nini akitazama bukuu zima, zile picha nyingine. Akasema zipo nzuri. Akafikiri. Akasema mpiga picha anajua kazi lakini hapendi mvua, kwani nyumba zote ni kavu, na nyumba usipoiona siku ya mvua hujaiona: hujui paa linamwaga wapi. Tangu sehemu ya jumba la Beit el Ajaib ilipoporomoka ile 25 Desemba 2020, anasema, watu wamekuwa wakimwuliza kuta, kuta, kuta. Yeye akiingia nyumba ya mtu hutazama dari kwanza.

Nimerudi kwa miguu. Magharibi ilikuwa inaingia na kila ukuta niliopita nauwekea taa ya simu ubavuni, wa duka, wa madrasa, wa benki. Nasra alikuwa nami njia ya mwisho, alitembea hatua ishirini mbele ili asijulikane kuwa ni mwanangu. Ukutani kwetu, hapo nje ya jiko, kuna tumbo dogo. Nimelipima kwa kiganja. Baba Nasra anasema lilikuwapo tulipohamia, na kwamba sasa nimepata ugonjwa mpya.

Jumamosi hii tumekubaliana tutakwenda Kiponda, Fundi na mimi, saa tatu asubuhi na tena saa sita. Nimtafutie gari, goti lake halitaki vichochoro. Asha kasema atakuja pia, si kwa ajili ya ukuta, anataka kuniona nikiulizwa tena na yule mtoto kama nimepotea. Bukuu nitalibeba mimi. Kwenye ule ukurasa nimeandika kwa penseli, pembeni, herufi ndogo: *saa ngapi?* Suleiman akiona nimechafua kitabu cha bei ile atanilaani.

Umeme umerudi sasa hivi, friji imeanza kunguruma. Nilitaka niishie hapa nikalale. Lakini jioni nilipomletea Mama dawa yake ya presha aliniambia, "Ahsante, Fatma." Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwuliza, "Mama?" Akasema, "Weka hapo, Fatma, na funga mlango mbwa asiingie." Fatma mnamjua, dada yake, tumemzika mwaka wa 2011. Na mbwa hatujapata kuwa naye.