Kisukari cha utotoni, kumbukumbu na maneno

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mzazi mmoja aliniuliza kama kisukari aina ya kwanza (ambapo mwili hushindwa kutengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu) kinaweza kumfanya mtoto asahau anachofundishwa. Kinaweza, lakini kwa njia ambazo kwa sehemu kubwa huzuilika.

Ubongo huendeshwa na glukosi, yaani sukari iliyomo katika damu, na katika umri wa miaka minne au mitano hutumia zaidi ya theluthi moja ya nishati yote ya mwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walichapisha mwaka 2008 matokeo yaliyolinganisha watoto wenye kisukari na ndugu zao wa kuzaliwa wasio nacho, uamuzi ninaoupenda, kwa kuwa ndugu hula chungu kimoja na kusikia maneno yale yale nyumbani. Kushuka mno kwa sukari mara kwa mara, hasa kabla ya miaka mitano, kulihusiana na udhaifu wa kutambua maumbo na wa kukumbuka jambo baada ya muda kupita, ilhali sukari kukaa juu kulihusiana na alama za chini katika uwezo wa maneno. Tofauti hizo ni za wastani wa kundi, tena si kubwa, kwa hiyo mwalimu asimwite mtoto mzito kwa sababu yake.

Lililonishtua zaidi ni utafiti wa Marekani wa mwaka 2020. Damu kujaa tindikali kwa kukosa insulini, hata mara moja tu, ikiwa kwa kiwango cha kati au kikali, kulihusishwa na kumbukumbu dhaifu kwenye vipimo vilivyofanywa miezi 2 hadi 6 baadaye. Kwetu watoto wengi hugunduliwa wakiwa tayari katika hali hiyo, kwa sababu kutapika na kuhema kwa nguvu hudhaniwa kuwa malaria au homa ya mapafu. Kabla ya hapo mtoto huwa amekonda, hunywa maji bila kukata kiu, na hukojoa kitandani ingawa alikwisha kuacha (na pengine huchapwa kwa hilo). Tone la damu ya kidoleni kwenye kipima sukari hutoa jibu kwa muda usiofika dakika moja, na mhudumu asipokitaja kipimo hicho, mzazi ana haki ya kukiomba.